Kuchagua Swali la Kuchunguza: Wanafunzi Wanne wa Elimu ya Nafsi

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Historia ya Elimu. Somo hili limechapwa kama lilivyosomwa na Afisa Elimu.

  Tafadhali wekeni daftari tayari, na yule mwenye kalamu akae karibu na redio.

Somo la leo limetokana na barua. Kijana mmoja anayesoma saikolojia chuoni, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, ametuandikia shida yake. Mwalimu wake amemwambia aandike tasnifu, na amempa wiki tatu apeleke mada ya utafiti. Wiki mbili zimekwisha, na ukurasa wake ungali mweupe. Aomba tumpe mada.

Ndugu yangu, shida hiyo naijua. Nami nilipokuwa nikisomea diploma yangu chuo kikuu nilipeleka mada niliyoiona kuwa kubwa na ya kupendeza: "Mawazo ya Mtoto wa Kiafrika." Mwalimu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Mtoto yupi?" Nikajibu, "Wote." Akanirudishia karatasi yangu bila kusema neno lingine. Siku ile nilikasirika. Leo namshukuru.

Mada basi sitampa kijana wetu, na sababu nitaieleza mwishoni. Nitampa historia. Nitawasimulia habari za watu wanne ambao walikuwa wanafunzi kama yeye, au walikuwa wamekwisha kumaliza uanafunzi, wakachagua swali la kuchunguza. Tutatazama jinsi kila mmoja alivyolipata swali lake, na lilimpeleka wapi.

I. Mstari wa wanafunzi mjini Leipzig

Elimu ya nafsi ni ya zamani kama falsafa yenyewe, lakini kuichunguza kwa kupima na kujaribu si jambo la zamani sana. Watu wa historia huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1879, wakati Bwana Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, huko Ujerumani. Wanafunzi walimjia kutoka Ulaya yote na Marekani, na zaidi ya 100 walipata shahada ya udaktari chini ya uongozi wake.

Namna yake ya kugawa mada imesimuliwa mara nyingi. Mwanzoni mwa muhula wanafunzi walijipanga mstari. Bwana Wundt aliingia na karatasi mkononi, yenye orodha ya maswali aliyotaka yachunguzwe. Akaanza upande mmoja: wewe swali hili, na wewe hili, mpaka mwisho wa mstari. Hapakuwa na mjadala. Aliyesimama wa tatu alipata swali la tatu.

Tusimcheke mzee yule. Alikuwa akijenga nyumba kubwa, na kila mwanafunzi alipewa tofali lake. Mwanafunzi aliyepewa swali alijua kwamba swali lile lilikuwa na mahali pake, vyombo vya kulipimia vilikuwapo, na mwalimu alitaka kujua jibu. Hayo ni mambo matatu ambayo wanafunzi wengi wa leo wangefurahi kuwa nayo.

Lakini mwaka 1883 alifika kijana Mmarekani, jina lake James McKeen Cattell. Yeye alikuja na swali lake mfukoni. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, alikuwa amekwisha kuanza kupima muda ambao mtu huhitaji ili kutambua herufi na maneno. Alitaka kuendelea na kazi hiyo. Tena alipenda kujua jinsi mtu mmoja anavyotofautiana na mwingine, na jambo hilo Bwana Wundt hakulijali sana, maana yeye alitafuta kanuni za akili ya binadamu kwa jumla. Ati Bwana Wundt aliona kwamba mwenendo wa kijana huyu ni wa Kiamerika kabisa. Hata hivyo alimkubalia, na mwaka 1886 Cattell akapata shahada yake ya udaktari.

Aliona nini katika vipimo vyake? Aliona kwamba mtu aliyezoea kusoma hutambua neno fupi zima kwa muda ulio karibu sawa na ule wa kutambua herufi moja. Ninyi mnaofundisha kisomo mwajua ubishi uliopo: je, tuanze na herufi na silabi, ba-be-bi-bo-bu, au tuanze na neno zima? Waliopenda njia ya neno zima walivishika vipimo hivi vya Cattell kama ngao. Walakini yafaa tukumbuke kwamba aliwapima watu ambao walikuwa wamekwisha kujua kusoma. Jinsi mtu hodari anavyosoma ni jambo moja. Njia ya kumfikisha mgeni hapo ni jambo jingine. Swali dogo lilijibiwa vizuri, kisha watu wakalibebesha mzigo usiokuwa wake. Liandikeni hilo, kwa kuwa tutalikuta tena.

II. Deni lisilolipwa katika mkahawa wa Berlin

Sasa twende Berlin, miaka ya 1920. Katika chuo kikuu cha mji ule alifundisha Bwana Kurt Lewin. Huyu hakuwa mtu wa kupanga wanafunzi mstari. Desturi yake ilikuwa kukaa nao mkahawani, mbele ya vikombe vya kahawa, wakizungumza saa nyingi juu ya lolote waliloliona.

Miongoni mwao alikuwako mwanamke kijana, Bluma Zeigarnik, aliyezaliwa Lithuania wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Urusi. Inasimuliwa kwamba siku moja katika mkahawa waliona jambo dogo. Mtumishi wa mkahawa aliweza kukumbuka, bila kuandika, kila kitu ambacho meza fulani iliagiza. Lakini walipokwisha kulipa na kumwuliza tena, hakukumbuka. Deni lilipolipwa, hesabu nayo ilimtoka kichwani.

Watu wangapi walikuwa wamewaona watumishi wa namna ile kabla ya siku hiyo? Maelfu. Lakini kundi lile lilikuwa na wazo la kuliwekea jambo lile. Bwana Lewin alifundisha kwamba mtu anapokusudia kufanya kazi, moyoni mwake huwa na mvuto, mfano wa kamba iliyokazwa, na kazi ikiisha kamba hulegea. Ikiwa ni kweli, basi kazi iliyokatizwa katikati ingekumbukwa kuliko iliyomalizika. Hapo maneno ya mkahawani yaligeuka kuwa swali linaloweza kupimwa.

Bibi Zeigarnik aliwapa watu kazi ndogo ndogo, karibu ishirini: kufinyanga sanamu ya udongo, kutunga ushanga, kutatua mafumbo, kufanya hesabu. Nusu ya kazi aliwaacha wazimalize. Nusu aliwakatiza walipokuwa wamezama kabisa. Mwishoni aliwauliza: mwakumbuka kazi zipi? Katika majaribio yake ya kwanza, kazi zilizokatizwa zilikumbukwa karibu mara mbili ya zile zilizokwisha. Tasnifu yake ilichapwa mwaka 1927, na mpaka leo jambo lile huitwa kwa jina lake.

Tazameni jinsi vifaa vyake vilivyokuwa vya kawaida: udongo, ushanga, karatasi. Gharama yake ilikuwa ndogo. Kitu cha thamani kilikuwa mpango wa jaribio, ambapo mtu yule yule alifanya kazi za aina zote mbili, akalinganishwa na nafsi yake.

Lakini mwalimu mwaminifu hasemi nusu ya habari. Watafiti wengi walirudia jaribio lile katika miaka iliyofuata, na hawakupata jibu lile lile sikuzote. Wengine waliliona, wengine hawakuliona. Basi mtu aweza kuuliza: je, Bibi Zeigarnik alichagua vibaya? Sivyo. Alieleza wazi alivyofanya, hata mtu wa nchi nyingine aliweza kufanya vivyo hivyo na kumsahihisha. Utafiti usioweza kusahihishwa na mwingine haufai kitu.

Baadaye maisha yake yalikuwa magumu. Mwaka 1931 alihamia Moscow. Mwaka 1940 mumewe alikamatwa na serikali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi hospitalini, akiwasaidia askari waliojeruhiwa ubongo, na kwa juhudi yake likakua tawi zima la elimu ya nafsi linalohusu wagonjwa. Alifariki mwaka 1988. Swali la ujana wake halikumfunga. Lilimfundisha namna ya kuuliza.

III. Wanasesere wanne

Habari ya tatu ni nzito zaidi. Naomba vikundi viisikilize kwa makini.

Mwaka 1917, katika mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, Marekani, alizaliwa Mamie Phipps. Baba yake alikuwa daktari. Zamani zile katika majimbo ya kusini mtoto mweusi hakuruhusiwa kusoma shule moja na mtoto mweupe, wala kuketi naye mahali pengi pa watu wote. Mwaka 1934 binti huyu aliingia Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kusoma hisabati na fizikia. Huko hakupata moyo kutoka kwa walimu wake wa hisabati. Mwanafunzi mwenzake, Kenneth Clark, ambaye baadaye alikuwa mumewe, alimshauri aingie saikolojia, kwa kuwa hapo angeweza kufanya kazi na watoto, jambo alilolipenda.

Mkuu wa somo hilo pale Howard alikuwa Bwana Francis Cecil Sumner, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika saikolojia, mwaka 1920. Basi alikuwa mbele ya macho yao mtu aliyewaonyesha kwamba njia ipo.

Alipomaliza shahada ya kwanza mwaka 1938, Bibi Mamie alifanya kazi wakati wa likizo katika ofisi ya mawakili. Haikuwa ofisi ya kawaida. Pale walipita mawakili waliokuwa wakiandaa kesi za kupinga ubaguzi wa rangi mashuleni, akiwamo Bwana Thurgood Marshall. Yeye alikuwa karani tu, lakini alisikia yaliyosemwa. Baadaye alieleza kwamba kabla ya hapo hakuwa ameamini kwamba ubaguzi ule ungeweza kuondolewa kwa sheria.

Sasa alitakiwa kuchagua mada ya shahada ya pili. Tuyapange mambo aliyokuwa nayo mikononi. Alipenda watoto. Alikuwa amekulia katika ubaguzi. Alikuwa amesikia mawakili wakitafuta ushahidi. Tena mjini Washington zilikuwako shule za chekechea za watoto weusi, ambazo aliweza kuziingia. Na alipata habari kwamba watafiti wengine wawili, Bibi Ruth Horowitz na mumewe Eugene, walikuwa wakitumia picha ili kujua kama watoto wadogo wanatambua rangi zao. Hakuona haya kwenda kujifunza njia hiyo kwao.

Kutoka mambo hayo lilizaliwa swali: mtoto mweusi huanza lini kujitambua kwamba ni mweusi? Alichukua watoto 150 wa miaka mitatu, minne na mitano. Akawaonyesha picha za watoto weupe na weusi, pamoja na za wanyama, akawaambia: nionyeshe wewe ni yupi. Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1939.

Swali hili lilikuwa dogo. Hakusema, "Nitachunguza madhara ya ubaguzi Marekani." Alisema: watoto hawa, umri huu, picha hizi. Lakini lilikuwa limekaa penye jeraha, na hiyo ndiyo sababu halikuishia kabatini.

Yeye na mumewe waliliendeleza. Walinunua wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu, isipokuwa wawili walikuwa na ngozi ya kahawia na nywele nyeusi, na wawili ngozi nyeupe na nywele za manjano. Waliwauliza watoto weusi 253, wa miaka mitatu hadi saba, baadhi katika shule zilizobaguliwa za Arkansas, baadhi katika shule zilizochanganyika za Massachusetts. Nipe mwanasesere unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Nipe anayefanana nawe. Zaidi ya nusu ya watoto walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na mwenye rangi yao wenyewe kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Walipofikia swali la mwisho, la anayefanana nawe, baadhi yao walilia au walikimbia kutoka chumbani.

Hebu mfikirie mtafiti aliyeketi mbele ya mtoto yule. Bibi Mamie mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa namna ile.

Habari ya wanasesere ilichapwa mwaka 1947. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, iliutaja utafiti wa Kenneth Clark miongoni mwa maandishi ya wataalamu katika hukumu yake.

Katikati ya habari hii pana jambo jingine ambalo wanafunzi wanapaswa kulijua. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Columbia kwa shahada ya udaktari, aliyoipata mwaka 1943, Bibi Clark alisomeshwa na Bwana Henry Garrett, mtu aliyeshika imani kwamba watu weusi wana upungufu wa akili. Alimchagua huku akijua. Kwa tasnifu ile alichunguza jinsi uwezo wa akili unavyokua kwa umri, kazi ya hesabu nyingi, na alijifunza vipimo barabara. Miaka ikapita. Mwaka 1952, katika kesi ya shule za wilaya ya Prince Edward, Virginia, Bwana Garrett alisimama mahakamani kuutetea ubaguzi. Aliyeitwa kumjibu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Bibi Mamie Clark.

Na hapa tena nasema nusu ya pili ya habari. Watoto wa shule zilizochanganyika za kaskazini walimpendelea mwanasesere mweupe hata kuliko watoto wa kusini. Kwa hiyo jaribio lile peke yake halikuweza kuonyesha kwamba kutengwa shuleni ndiko kulikoleta majonzi yale. Ubaguzi ulikuwa katika hewa ya nchi nzima. Wakosoaji walilisema hilo, na walikuwa na haki ya kulisema. Kama vile vipimo vya Cattell, vipimo hivi navyo vilibebeshwa zaidi ya uzito wake. Ubaguzi ulikuwa dhuluma hata kama asingalikuwako mwanasesere mmoja. Lakini watoto walionyesha kitu ambacho watu wazima walikuwa wakikikana, na waliona haya baada ya kukiona.

IV. Nyumba za Buganda

Habari ya nne iko karibu nasi. Bibi Mary Ainsworth alisoma Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Tasnifu yake ya udaktari, ya mwaka 1939, ilihusu usalama wa moyo, yaani jinsi mtu anavyohitaji kuwa na uhakika wa watu wake ili aweze kujitegemea. Baadaye alifanya kazi London pamoja na Bwana John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake.

Mwaka 1954 alifika Kampala. Hakufika kwa ajili ya utafiti wake. Mumewe alipata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere. Wengine wangalikaa bure na kungoja kurudi kwao. Yeye alitazama alipo, akauliza: swali langu la zamani laweza kuulizwaje hapa?

Alikuwa amesikia kwamba desturi ya Waganda ilikuwa kumpeleka mtoto kwa bibi yake kwa siku chache wakati wa kuachishwa ziwa, ili alisahau. Akaona hapo pana mada nzuri: mtoto huwaje anapotengwa na mama siku zile? Alipoanza kuingia katika nyumba za watu, aliona kwamba desturi ile ilikuwa imekwisha kuachwa na wengi. Mada yake ilikufa mikononi mwake.

Kijana wetu wa barua na asikilize hapa. Bibi huyu hakulazimisha mada ya karatasini. Aligeuza swali, akauliza jambo pana zaidi: upendo wa mtoto kwa mama yake hukua vipi, hatua kwa hatua? Alichukua jamaa 26 zenye watoto 28, akawatembelea kila wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda uliofika miezi tisa. Alijifunza Kiganda, akasaidiwa na mkalimani, akaketi sebuleni alasiri, wakati ambapo akina mama wa Kiganda hupokea wageni. Aliandika alichokiona: mtoto anayetambaa mbali kidogo kisha akarudi kumgusa mama, mtoto anayelia mama akitoka, mtoto anayemtumia mama kama kituo cha kutokea na kurudia.

Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoifanya baadaye Baltimore, iliyompatia sifa duniani, ilianzia katika sebule zile. Elimu inayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani juu ya mtoto na mama ina mizizi katika vijiji vya jirani na Kampala. Akina mama wale walikuwa walimu, ingawa majina yao hayamo katika mitihani.

V. Twajifunza nini?

Sasa tuziweke habari hizi nne pamoja.

Kwanza, hakuna hata mmoja aliyepata swali lake kwa kujifungia chumbani na kukodolea macho ukurasa mweupe. Cattell alikuwa na kazi aliyoianza. Zeigarnik alikuwa na mazungumzo ya mkahawani. Clark alikuwa na ofisi ya mawakili na shule za chekechea. Ainsworth alikuwa na safari ambayo hakuipanga. Swali lilikuwa limekaa mahali walipokuwa wamesimama.

Pili, wote waliuliza dogo. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Mada yako ikiwa haisemi ni watu gani, wangapi, mahali gani, na utawafanyia au utawauliza nini, basi hiyo bado ni ndoto. Nilipokwisha kukasirika siku ile, nilichunguza jinsi watoto wa darasa moja la pili wanavyojumlisha wanapotumia vidole na wanapokatazwa. Ilikuwa kazi ndogo. Lakini niliimaliza, na mwalimu wao alibadilisha jambo moja katika kufundisha kwake.

Tatu, hawakuona haya kuazima. Njia ya picha ilikuwa ya watu wengine. Wazo la kamba iliyokazwa lilikuwa la mwalimu. Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuchagua, soma waliyoandika waliokutangulia, uone walipoishia.

Nne, swali lazima liweze kukujibu "hapana." Ikiwa jibu unalijua kabla ya kuanza, na hakuna lolote litakalokubadilisha, huo si utafiti, ni mahubiri. Na likikujibu, usilibebeshe mzigo usiokuwa wake.

Tano, na hili ni la mwisho kwa kulitaja lakini la kwanza kwa uzito: wanaochunguzwa ni watu. Wale watoto waliolia mbele ya wanasesere hawawezi kusahauliwa. Bwana na Bibi Clark waliona uchungu ule, na mwaka 1946 walifungua kituo huko Harlem, New York, cha kuwasaidia watoto. Siku hizi vyuo hudai idhini ya mzazi na kibali kabla mwanafunzi hajamwuliza mtoto swali moja. Usikione kibali kuwa usumbufu wa makarani. Jiulize: mtu huyu akishanijibu, ataondoka akiwa hali gani? Kama huwezi kujibu hilo, badilisha mada.

Ndugu uliyeandika barua, sasa waijua sababu ya kutokupa mada. Nikikupa, nitakupa ninachokiona mimi nikiwa mbele ya kinasa sauti. Wewe waona ambacho mimi sikioni. Una wiki moja. Siku mbili za kwanza usiandike mada yoyote; andika mambo kumi uliyoyaona kwa macho yako nyumbani, sokoni, shuleni au kazini, yaliyokufanya ujiulize "kwa nini?" Siku ya tatu futa yale ambayo huwezi kuwafikia watu wake. Siku ya nne nenda maktaba, uone yaliyobaki wamekwisha kuyaandika akina nani. Siku ya tano chagua moja, uliandike kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Siku ya sita mpelekee mwalimu wako. Akikuuliza "Mtoto yupi?", uwe na jibu.

Siku ya saba pumzika. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Bwana Wundt aligawa mada. Bwana Lewin alizungumza na wanafunzi mpaka mada zikatokea. Taja faida moja na hasara moja ya kila njia.

2. Kwa nini kulinganisha watoto wa Arkansas na wa Massachusetts kulikuwa muhimu? Kulionyesha nini, na kulizuia tusiseme nini?

3. Mada ya kwanza ya Bibi Ainsworth ilikufa kwa sababu desturi ilikuwa imebadilika. Taja desturi moja ya malezi katika sehemu yenu ambayo wageni husema ipo, nayo imekwisha kuachwa.

4. Kila mwanakikundi aandike swali moja aliloliona katika kazi yake ya kila siku. Kikundi kilipunguze mpaka liwe dogo la kuchunguzika kwa mwezi mmoja.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha. Viongozi wa vikundi, redio sasa zimeni, mazungumzo yaanze. Kwa herini.